Mume wangu ameitwa kwenye utafiti wa dawa ya pombe. Nimfungie ndani kwanza?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Kipindi cha giza anakuwa ziwani, mbalamwezi ikianza anarudi nyumbani, na hapo ndipo nyumba inapowaka moto. Zamani ilikuwa bia mbili tatu na wenzake jioni. Siku hizi ni gongo, tena anaanza kuzimua kabla watoto hawajaenda shule. Asipozimua mikono inatetemeka hadi chai inamwagika kwenye sahani, jasho linamtoka, hasemeshwi. Mwaka jana tulienda msibani kijijini kwao, akakaa kama siku mbili bila kunywa. Akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka. Wengine wakasema kifafa, wengine wakasema amechezewa.

Juzi juzi alianguka na pikipiki, tukampeleka hospitali moja hapa mjini akashonwe. Muuguzi akamuuliza maswali mengi ya pombe, halafu wakaja watu wa utafiti. Wanasema wanatafuta wanywaji wa kujaribiwa dawa ya kupunguza hamu ya pombe. Wengine watapewa dawa yenyewe, wengine kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa, na hakuna atakayejua kapewa kipi. Atakuwa anarudi kliniki, anatolewa damu, nauli wanarudisha. Wametupa karatasi nyingi tukasome nyumbani. Siku ya kusaini wanataka aje hajanywa.

Mama mkwe amekuja juu, anasema mwanawe si panya, hao wanatafuta damu tu. Jirani yangu anasema niharakishe kabla nafasi hazijajaa, eti kuna hela. Mwenyewe nikimuuliza ananijibu, "Wewe ukitaka nitaenda," kisha anageukia ukutani.

Shangazi, ni halali kweli mgonjwa kupewa kidonge kitupu? Mimi na shemeji tumepanga tumfungie chumbani siku tatu kabla ya tarehe ili afike akiwa msafi, tunakosea? Na akikataa, naweza kusaini mimi, nikachukua vidonge nikawa namwekea kwenye uji? Halafu akisema anakunywa gongo, polisi hawatakuja kwangu?

Mke wa Mvuvi, Kirumba

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na la chumbani, maana hilo linaweza kukufanya mjane kabla hiyo fomu haijaguswa na kalamu. Msimfungie. Shemeji yako umwambie leo hii, asije akanunua kufuli.

Mtu anayekunywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake umeshazoea kufanya kazi huku pombe ikiuvuta chini, na wenyewe umejifunza kusukuma kwa nguvu zaidi ili kuwe na usawa. Ukiiondoa pombe ghafla, ule msukumo unabaki peke yake. Mikono kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza kati ya saa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege nyingi hutokea ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wapo wanaoingia kwenye hali mbaya zaidi: homa inapanda, mtu anaona wadudu ukutani, anaongea na marehemu, hajui yuko wapi. Hiyo inaua isipotibiwa, na siku tatu za kufuli zinaangukia humo humo.

Mimi sijampima mumeo. Lakini ulichokiona msibani, siku mbili bila pombe kisha kukakamaa na povu, daktari yeyote akisikia atashika kalamu aandike. Na aliyewahi kuanguka hivyo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuanguka tena akikata ghafla. Watu wa namna hii huachishwa pombe wodini, wakipewa diazepam au dawa za jamii yake kwa kipimo kinachopunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi wameishiwa na ikikosekana ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja. Mpaka aonane na daktari, heri apunguze kidogo kidogo kuliko kukata kwa siku moja. Najua ni ajabu kusikia Shangazi akisema hivyo. Na kama ameamka anatetemeka, asiingie ziwani usiku huo. Degedege sebuleni utamlaza ubavu na kuita majirani. Kwenye mtumbwi wa dagaa, gizani, na wengi wenu mnajua maboya ya kujiokoa yanavyokaa kambini, hapatakuwa na wa kumwita.

Sasa, "aje hajanywa" maana yake nini? Ridhaa ya mtu aliyelewa si ridhaa, ndiyo maana tafiti nyingi za pombe humpulizisha mshiriki kwenye kipimo cha pumzi kabla ya kumpa kalamu. Hilo ni jambo jema. Ila aliyekosa pombe hadi anatokwa jasho naye hana akili tulivu. Atasaini chochote ili aondoke akazimue. Kwa hiyo kabla ya tarehe hiyo piga namba iliyoandikwa kwenye zile karatasi, useme hivi hivi: mume wangu akikaa bila pombe anaanguka, mnataka tufanyeje? Watu makini watakuambia aje mapema aonwe na daktari, au kwanza alazwe atolewe pombe mwilini kwa usalama. Akikujibu mtu kwamba ajikaze tu, hapo mmeshapata jibu la kama muingie au msiingie.

Inawezekana pia wakamkataa. Tafiti nyingi za dawa za pombe haziwachukui waliowahi kupata degedege, wenye ini lililochoka sana, au wajawazito, kwa sababu hatari ni kubwa kwao. Msihesabu kwamba amenyimwa bahati. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza ina idara ya afya ya akili, na utegemezi wa pombe ni ugonjwa unaotibiwa pale kama mwingine. Hauhitaji kuwa ndani ya utafiti wowote ili upokelewe. Kwa mumeo, na hayo yaliyotokea msibani, mimi ningeanzia huko hata kama utafiti utamkubali.

Nije kwenye kidonge kitupu, ambacho naona ndicho kilichomkasirisha mama mkwe.

Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani, ukiitwa COMBINE. Watu 1,383 wenye utegemezi wa pombe waligawanywa kwenye vikundi 9. Wengine walipata dawa iitwayo naltrexone, wengine nyingine iitwayo acamprosate, wengine zote mbili, wengine vidonge vitupu, na baadhi wakaongezewa ushauri wa kitaalamu. Kabla ya kuanza, kwa wastani walikuwa hawanywi siku moja tu kati ya nne. Matibabu yalipokwisha, siku za kutokunywa zilifika karibu robo tatu, na vikundi vyote vilipanda, hata wale wa kidonge kitupu waliokuwa wakionana na daktari au muuguzi kila baada ya muda. Naltrexone ilisaidia, lakini kwa tofauti ya wastani tu. Kama kusingekuwa na wale wa kidonge kitupu, dawa ingevikwa sifa yote, wakati sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na kule kupimwa, kuulizwa habari na kusikilizwa. Ndiyo sababu ya kidonge kitupu. Hakiwekwi kwa dharau.

Pamoja na hayo, nataka mumeo aulize swali moja kwa sauti: nikiangukia upande wa kidonge kitupu, nitapata nini kingine? Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa hadi 2024, linataka tiba mpya ilinganishwe na tiba bora iliyopo, na kidonge kitupu kiruhusiwe pale tu penye sababu ya msingi na pasipo hatari ya madhara makubwa kwa anayekipata badala ya tiba. Jibu linalofaa litakuwa na ushauri nasaha, kupimwa ini, na mlango wa kwenda wodini akizidiwa. "Hutapata kitu, tutakuangalia tu" ni jibu la kukufanya ukunje karatasi zako mwondoke.

Na hapa nikuambie jambo ambalo jirani yako hatakuambia. Utafiti unatafuta jibu la swali, na swali hilo ni la watu wote, si la mumeo peke yake. Daktari wa utafiti anaweza kuwa mwema sana, lakini ratiba, vipimo na kiasi cha dawa vimepangwa kwa ajili ya swali. Kompyuta ndiyo inayopiga kura nani aende kikundi gani, huwezi kumbembeleza. Dawa inaweza kumsaidia, inaweza isimfae, inaweza kumletea kichefuchefu tu. Mtu anayeingia akidhani amepata tiba ya bure atakata tamaa wiki ya tatu na kurudi kwenye chupa kwa hasira. Anayeingia akijua anachangia jibu, huku akiendelea kutibiwa, huwa anadumu.

Mwanza si wageni wa mambo haya, na mama mkwe anaweza kushangaa. Mabinti 930 wa hapa, wa miaka 9 hadi 14, ndio walioshiriki utafiti wa chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ulioanza 2017, kuona kama dozi moja inatosha. Matokeo yake yalikuwa miongoni mwa yaliyochangia Shirika la Afya Duniani kukubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikahamia dozi moja mwaka 2024. Wajukuu zake wa kike wakichanjwa shuleni mara moja badala ya mbili, mabinti hao wana mchango wao. Hakuna aliyekuwa panya.

Hata yale maswali ya muuguzi mliyoyaona ya umbea yana historia. Kuna orodha ya maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani inayotumika karibu kila mahali. Ilitengenezwa kwa kupima watu wa nchi sita, na Kenya ikiwemo. Alama 8 na kuendelea ni dalili kwamba unywaji umeanza kuleta madhara, 20 na kuendelea wanashuku utegemezi. Kuuliza majeruhi nako si bahati mbaya. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wamefanya utafiti kwenye idara ya dharura, unaitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako, ambapo muuguzi anakaa na majeruhi mnywaji kwa maongezi mafupi, kwa sababu mtu aliyetoka kushonwa husikia zaidi kuliko akiwa kilabuni.

Uji sasa. Hapana, mwanangu, na hili sitalipaka asali. Huwezi kusaini kwa niaba ya mtu mzima mwenye akili zake, na kidonge cha utafiti kikiingia kwenye uji bila mwenyewe kujua hiyo ni sumu, hata kama moyo wako ni mweupe. Ipo dawa ya zamani ya pombe, disulfiram, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940 baada ya ugunduzi wa Denmark. Inauzuia mwili kumalizia kuvunja pombe. Aliyeimeza akinywa hata kidogo, uso unawaka, moyo unakimbia, anatapika, presha inashuka, na wengine hufa. Mtu akijua ameimeza ataiogopa glasi. Asiyejua atakunywa kama kawaida yake. Na zile unga za "dawa ya kuacha pombe, muwekee kwenye chakula" zinazotembezwa sokoni, hujui ndani mna nini. Zipite mbali na jiko lako.

Tena "wewe ukitaka nitaenda" si ndiyo. Ni mtu aliyechoka kuulizwa. Kaa naye muda ambao mikono imetulia na hajalewa. Kwa wengi ni katikati ya asubuhi, na wewe unamjua kuliko mimi. Usianze na pombe wala na watoto. Muulize siku ile msibani alijisikiaje alipoamka chini, watu wamemzunguka. Wanaume wengi hawajawahi kuulizwa hilo. Wanasimuliwa tu walivyoaibisha. Akisema hataki utafiti, muulize kama atakubali kwenda kuonana na daktari tu. Hivyo ni vitu viwili, nyinyi mmevifunga kwenye fundo moja.

Akisema anataka, zile karatasi zisomwe zote. Ziko kwa Kiswahili, na kama maandishi marefu yanamchosha, ana haki ya kusomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, aulize, alale nazo, arudi. Nakala moja yenye saini ibaki nyumbani kwenu. Humo muangalie kibali cha kamati ya maadili. Kitaifa kinatolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Bugando na chuo chake cha CUHAS wana kamati yao ya pamoja. Kwa kuwa ni dawa inayojaribiwa, kuwe pia na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Muangalie nani atalipia matibabu akidhurika na dawa. Muangalie atafanyiwa nini utafiti ukiisha, maana dawa ikimsaidia halafu ikakatwa siku moja, hilo nalo ni tatizo. Na kuwe na sentensi inayosema anaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu na bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Nauli na fidia ya muda vipo kwenye tafiti nyingi, na si dhambi. Ila mtu asiingie kwa sababu ya hela, na wewe usimwache jirani akuharakishe.

Jina la dawa mliulizie pia. Kama ni naltrexone, iliyokubaliwa Marekani kwa ajili ya pombe tangu 1994, basi haiendi pamoja na tramadol, kodeini wala mofini: inazuia dawa hizo kufanya kazi, na aliyezizoea inamtupa kwenye arosto ya ghafla. Nimetaja tramadol kwa makusudi, kwa sababu mumeo ana kidonda cha pikipiki, na najua vidonge vinavyozunguka kambini vya kukeshea kazi na kuua maumivu. Aseme vyote anavyomeza, hata vya kununua duka la dawa. Watampa kadi yenye namba ya simu ya dharura. Akianguka, hospitali yoyote ikipiga, daktari wa utafiti anaweza kufungua siri na kusema alikuwa anameza nini. Kadi hiyo aitie kwenye mfuko wa nailoni, aende nayo hadi ziwani.

Kuhusu polisi. Gongo ni haramu kisheria, wasiwasi wako una msingi. Lakini kwenye utafiti majibu yake huandikwa chini ya namba badala ya jina, na watafiti wa pombe katika nchi hii wangekuwa hawana kazi kama kila anayetaja gongo angekamatwa. Kipo kifungu cha usiri kwenye fomu. Asome nani ataruhusiwa kuona kumbukumbu zake. Akishatosheka, aseme kweli. Wengine hupunguza hesabu kwa aibu, lakini kuna kipimo cha damu kinachoonyesha unywaji wa wiki mbili hadi nne nyuma, kwa hiyo uongo unamwaibisha bure.

Kuhesabu kwenyewe si rahisi. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu kama 20, yaani vipimo viwili vya Shirika la Afya Duniani. Gongo haina lebo. Ya leo inawaka, ya kesho imechanganywa maji. Abebe kile kikombe anachonywea. Sitanii. Akiweke mezani, aseme ninajaza hapa, vikombe kadhaa kwa siku, nanunua kwa bei fulani. Watampa kalenda warudi nyuma siku kwa siku, na yeye ana alama nzuri kuliko mtu wa ofisini: siku za giza alikuwa ziwani alikunywa vipi, siku za mbalamwezi vipi.

Hilo la mbalamwezi litawasaidia hata kwenye ratiba. Mtafiti aliyekulia mjini anaweza kumpangia kliniki kila Jumatatu ya pili bila kujua kwamba usiku huo yuko Ukerewe na karabai zimewashwa. Mwambieni mapema, ombeni tarehe ziangukie mbalamwezi inapowezekana, na dozi za mwanzo azimezee nyumbani, kwa sababu kizunguzungu na kichefuchefu cha siku za kwanza si vya kwenda navyo majini. Ikishindikana kabisa kubadilisha, basi utafiti huo si wa mvuvi, na hakuna ubaya kusema hapana.

Nimebakiwa na mama mkwe. Usibishane naye tena juu ya damu. Mchukueni siku ya fomu, akae kiti cha mbele, aulize mwenyewe wanatoa mililita ngapi, inapelekwa maabara gani, inahifadhiwa muda gani na kama itatoka nje ya nchi. Sampuli haisafirishwi nje bila kibali. Akiridhika, utakuwa umepata mtu wa kumkumbusha mwanawe tarehe za kliniki wakati wewe uko Mwaloni unaanika dagaa. Asiporidhika, sikilizeni nini hakikumridhisha kabla mumeo hajashika kalamu.